Mnyama Anayechelewa Kufa: Historia ya Mabishano Kuhusu Ufugaji wa Reptilia Majumbani

Miongoni mwa wanyama wanaofugwa na binadamu, ni wachache waliozua mabishano marefu na makali kama reptilia, yaani wanyama wa damu baridi wenye ngozi ya magamba kama nyoka, mijusi, vinyonga na kobe. Ng'ombe anayelishwa vibaya hupunguza maziwa ndani ya siku chache, na kuku akikosa lishe huacha kutaga, kwa hiyo mfugaji huonyeshwa kosa lake mapema. Lakini mjusi au kobe, ambaye mwili wake hauchomi chakula ili kujipatia joto na hivyo huhitaji kidogo tu kuendelea kupumua, anaweza kulibeba kosa la mfugaji kwa miezi mingi, pengine kwa miaka, kabla madhara hayajaonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo kila upande katika mabishano ya wafugaji wa uraibu, yaani watu wanaofuga kwa mapenzi yao na si kwa biashara wala kitoweo, uliweza kumwonyesha mpinzani mnyama aliye hai na kudai kwamba uhai huo ni ushahidi. Historia ya mabishano hayo, kuanzia Ulaya ya karne ya 19 hadi leo, ni historia ya jinsi ushahidi wa aina hiyo ulivyowapotosha watu wenye nia njema, na ya gharama waliyoilipa wanyama wenyewe.

Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la reptilia, la kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya wanyama hao, na katika miongo iliyofuata uraibu huo ukaingia sebuleni mwa watu wa tabaka la kati. Johann von Fischer alichapisha Das Terrarium mjini Frankfurt mwaka 1884, na kasisi wa Kiingereza Gregory Bateman akafuata na The Vivarium mwaka 1897. Vyote viwili vilikuwa vitabu vya mwongozo kwa mtu aliyetaka kuweka sanduku la kioo lenye mijusi au nyoka nyumbani kwake. Wafugaji wa wakati huo walijali zaidi joto, ambalo lilitoka kwenye taa za mafuta au mabomba ya maji moto, wala si ajabu, kwa kuwa baridi ilikuwa adui pekee aliyeua upesi kiasi cha kutambulika.

Ugomvi wa kwanza kufika mbele ya umma ulihusu nyoka na mlo wake. Katika bustani ya London nyoka walipewa sungura na bata walio hai, na watu waliouchukia ukatili huo walipolalamika, walijibiwa kwamba nyoka hali mzoga, na kwamba kumnyima kiumbe hai ni kumuua kwa njaa. Mwaka 1907 Peter Chalmers Mitchell, katibu wa Jumuiya ya Zoolojia ya London, na Reginald Pocock, msimamizi wa bustani hiyo, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu ulishaji wa reptilia kifungoni na kuhusu hofu ya wanyama wengine kwa nyoka. Mabishano hayo hayakufa, kwa maana hata karne moja baadaye wako wafugaji wanaosisitiza kwamba panya lazima awe hai, ingawa panya huyo akiachwa usiku kucha na nyoka asiye na njaa anaweza kumtafuna mgongo hadi kwenye mifupa. Hata hivyo, katika suala hili ukweli ulikuwa rahisi kuupata, kwa sababu nyoka ama anameza ama hamezi, na jibu huonekana papo hapo. Suala la mwanga halikuwa hivyo.

Mwaka 1919, wakati watoto wengi wa miji ya Ulaya walipokuwa na matege, yaani ugonjwa wa mifupa laini inayopinda, Edward Mellanby alionyesha nchini Uingereza kwamba mafuta ya ini la samaki aina ya kodi huzuia ugonjwa huo kwa mbwa, na mwaka huohuo Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wa Berlin kwa taa yenye mionzi ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Njia mbili zilizoonekana kutohusiana, chakula na mwanga, zilielekea kwenye kitu kimoja, vitamini D, ambayo mwili huihitaji ili kufyonza kalsiamu ya kujengea mifupa, na ambayo ngozi huweza kuitengeneza yenyewe ikipigwa na mionzi hiyo. Mgawanyiko wa wafugaji wa reptilia ulizaliwa hapo hapo, kwa sababu kama vitamini inaweza kutoka kwenye kijiko, kuna haja gani ya kulihangaikia jua?

Aliyelishughulikia jambo hili kwa uelewa uliowapita wengi wa zama zake alikuwa Joan Procter, aliyekabidhiwa idara ya reptilia ya bustani ya London mwaka 1923 akiwa bado hajafikisha miaka 30. Jengo jipya alilolibuni, lililofunguliwa mwaka 1927, lilikuwa na joto la umeme lililotofautiana kutoka kona moja ya kizimba hadi nyingine, ili mnyama ajichagulie mwenyewe pa kukaa, na lilitumia taa za urujuanimno pamoja na kioo maalumu kinachopitisha mionzi ambayo kioo cha kawaida cha dirisha huizuia. Jambo hilo la kioo linastahili kukaziwa, kwa sababu kwa miongo mingi baadaye wafugaji waliendelea kuweka sanduku la kobe dirishani na kuamini kuwa kobe anaota jua, hali alichopata ni mwangaza na joto tu. Procter, ambaye mazoea yake na joka wa Komodo aliyeitwa Sumbawa yaliwashangaza wageni wa bustani hiyo, alifariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 34, na sehemu kubwa ya maarifa yake haikuvuka kuta za jengo lake kuwafikia wafugaji wa kawaida.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia ya kinyonga. Kinyonga wa Jackson, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, alipewa jina la kisayansi mwaka 1896 na George Boulenger kwa heshima ya Frederick Jackson, aliyekuja kuwa Gavana wa Uganda, na makazi yake ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru wa Tanzania, katika misitu, ua wa miti na mashamba ya kahawa. Jamii nyingi za Afrika Mashariki humwona kinyonga kuwa mnyama wa nuksi na humwepuka. Ng'ambo alinunuliwa kwa shauku, kisha akafa kwa wingi. Wafugaji waliosikia kwamba ametoka Afrika walimweka ndani ya tangi la kioo lisilopitisha hewa, wakamwashia taa ya joto mchana na usiku, wakamtegea maji kwenye bakuli. Kinyonga hatambui maji yaliyotuama. Hulamba matone yanayoteleza juu ya majani, kwa hiyo mnyama alikauka huku bakuli likiwa limejaa pembeni yake, macho yake yakadidimia kwenye vifuko vyake, na mfugaji akadhani ana usingizi. Joto la usiku nalo lilimchosha, kwa kuwa kwao, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, usiku huwa wa baridi kali na asubuhi huja na ukungu.

Wapo waliohitimisha kwamba kinyonga hafugiki kabisa, na wapo walioshikilia kwamba kosa liko kwenye tangi, wakatetea vizimba vya wavu, mimea hai na maji ya kudondoka tone kwa tone. Mabishano hayo yalipata jibu pasipotarajiwa. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu cha Hawaii, alipokea shehena ya vinyonga kutoka Kenya wakiwa hoi, akawaachia makumi kadhaa kwenye bustani yake wapate nafuu. Walitawanyika, wakazaana kwenye vilima vyenye mvua, na tangu hapo wamekuwa mnyama mgeni wa visiwa hivyo. Pasipo tangi, taa wala bakuli, kinyonga aliyesemwa kuwa hafugiki alistawi katika nchi ngeni, kwa sababu tu hali ya hewa ilifanana na ya kwao. Kenya ilipofunga usafirishaji wa vinyonga hawa mwaka 1981, uzao wa Hawaii ndio ulioendelea kuwafikia wafugaji wa Marekani. Inasikitisha kwamba mkulima wa Meru aliyemwona kinyonga huyu kila alfajiri kwenye umande wa mkahawa wake angeweza kuumaliza ugomvi huo kwa sentensi moja.

Bado, hakuna mabishano yaliyoumiza wanyama wengi kama yale ya iguana wa kijani, mjusi mkubwa wa Amerika ya Kati na Kusini anayeweza kuzidi urefu wa mita moja na nusu. Katikati ya miaka ya 1990 Marekani iliingiza mamia ya maelfu ya iguana kila mwaka, wengi wao wakiwa wachanga walioanguliwa kwenye mashamba ya Amerika ya Kati na Kolombia, na wakauzwa kwa bei ambayo hata mtoto aliimudu. Imani iliyoenea ilikuwa kwamba iguana mchanga ni mla wadudu anayegeuka mla majani akikua, na kwa hiyo anahitaji protini nyingi. Wengi waliwapa chakula cha mbwa au cha paka cha mkebe, na mjusi alikua kwa kasi ya kuvutia, akawa hoja inayotembea mbele ya kila mwenye shaka.

Utafiti wa porini ulikuwa umeshasema jambo tofauti. Mwaka 1982 Katherine Troyer alieleza katika jarida la Science kwamba iguana wachanga hula kinyesi cha wakubwa ili kupata bakteria wa kuchachusha majani tumboni, tabia isiyo na maana kwa mnyama anayekusudiwa kuishi kwa wadudu; na mwaka 1990 Stanley Rand na wenzake walichapisha orodha ya vyakula vya iguana wa Panama, ambayo ilikuwa ya majani, maua na matunda. Lakini karatasi za wanasayansi na miongozo ya dukani viliishi katika dunia mbili. Isitoshe, mashamba ya iguana yalikuwa na sababu ya kutaka ukuaji wa haraka, na mjusi anayeuzwa akiwa na wiki chache hampi mkulima nafasi ya kuona figo zake zitakuwaje baada ya miaka sita. Protini ya nyama iliyozidi huongeza asidi ya mkojo katika damu. Asidi hiyo huganda kwenye figo na maungoni, ugonjwa ambao kwa binadamu huitwa jongo, na iguana wengi waliokuwa fahari ya wenyewe walikufa kwa figo zilizoshindwa wakiwa hawajafikia nusu ya umri wao.

Upande wa majani nao haukuwa salama. Wengi walimpa iguana saladi nyeupe iliyojaa maji na isiyo na kalsiamu ya kutosha, au spinachi, ambayo ina oksaleti, kemikali inayoishika kalsiamu na kuizuia isifyonzwe. Chakula hicho kikiungana na chumba kisicho na mionzi ya jua, mifupa ililainika, na mwili, katika kujaribu kuitegemeza, ukaizungushia tishu ngumu, hata mapaja yakavimba na kuwa ya mviringo. Wafugaji waliyasifu mapaja hayo kuwa ni ya mjusi aliyeshiba. Aliyeligusa taya la chini ndiye aliyejua, kwa maana lilibonyea chini ya kidole, na vidole vya mjusi vilitetemeka alipojaribu kushika tawi. Miongozo ilipokuja kurekebishwa, mboga iliyopendekezwa mara kwa mara ilikuwa kabichi isiyofunga, ileile ambayo Wakenya huila kila siku kwa jina la sukuma wiki.

Suala la taa na kijiko lilipata ufafanuzi wa kisayansi kwa kuchelewa. Katika miaka ya 1990 Mary Allen, Olav Oftedal na wenzao walionyesha kwamba spishi hazifanani: mjusi wa usiku kama geko-chui huweza kuridhika na vitamini ya chakula, ilhali iguana wa kijani hanufaiki nayo ipasavyo. Wote waliobishana, basi, walikuwa wakisema kweli kuhusu mnyama wao na uongo kuhusu mnyama wa jirani. Gary Ferguson wa Texas, ambaye mwaka 1988 alishiriki kueleza nususpishi ya kinyonga wa Jackson wa Mlima Kenya, alisonga mbele zaidi pamoja na wenzake: mwaka 2009 walionyesha kwamba kinyonga-chui wa Madagaska hujianika zaidi kwenye mionzi vitamini ikipungua mwilini na kujitenga nayo ikitosha, na mwaka 2010 walichapisha vipimo vya mionzi ambayo mijusi na nyoka wa porini huipata kwa hiari yao, ambavyo viliwapa wafugaji viwango vya kupimia taa zao badala ya kukisia.

Mabishano ya sasa yamehamia kwa nyoka, hasa chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejiviringa kuwa duara akiogopa, ambaye maelfu hufugwa kwenye droo za plastiki zisizo na taa. Jaribio la mwaka 2008 liligundua kwamba vitamini D katika damu ya nyoka-mahindi wa Marekani iliongezeka walipowekewa taa ya urujuanimno. Jaribio jingine la mwaka 2013 halikuona ongezeko kama hilo kwa chatu hao. Watetezi wa droo hutaja matokeo ya pili, pamoja na mayai mengi wanayopata, na husema kwamba porini chatu huyu hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu. Mayai hayo ni ushahidi wa aina ileile iliyotolewa zamani na wenye iguana walionona, na habari ya mashimo nayo haijakamilika, kwa kuwa Luca Luiselli na Francesco Angelici, waliochunguza chatu hao nchini Nigeria na kuchapisha matokeo yao mwaka 1998, waliwakuta madume wakipanda miti na kula ndege.