Hukumu ya kubeti kwa handikapu na kuuza uchambuzi wake



Mzee mmoja wa Pemba ametuuliza kuhusu mwanawe anayesoma Morogoro. Alipokuja likizo, kijana alikuwa akiamka saa tisa za usiku. Baba akamshukuru Allah akidhani ni tahajjud, kumbe mwanawe anafuatilia mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Alipoulizwa alijibu kwamba yeye habahatishi, anachambua takwimu, na mikeka yake huwauzia wenzake kwenye simu. Je, elimu inaiondoa hukumu ya kamari?

Swali hili si la mzee huyu peke yake. Vijana wetu wengi wa visiwani huvuka bahari kwenda Sokoine, Mzumbe na Chuo Kikuu cha Waislamu, na simu wanayopokelea fedha za matumizi ndiyo hiyo hiyo ya kubetia. Nitaanza na jambo lenyewe, maana mzazi asiyelijua atanyamazishwa na mwanawe kwa maneno mawili.

Katika mpira wa kikapu timu kali humshinda dhaifu mara nyingi, kwa hiyo kampuni huweka handikapu. Tuseme ni pointi 6.5. Aliyeibetia timu kali hapati kitu mpaka ishinde kwa pointi 7 au zaidi. Aliyeibetia dhaifu anapata hata ikifungwa, maadamu tofauti haikuzidi 6. Nusu ile imewekwa ili pasiwe na sare. Kampuni huitafuta namba itakayofanya pande mbili zikaribie kulingana, na majeruhi, safari na matokeo ya nyuma, yaani hayo anayoyachambua kijana usiku kucha, yameshahesabiwa humo.

Malipo ya kila upande huwa kama mara 1.90. Wawili wakiweka shilingi 10,000 kila mmoja, mshindi huchukua 19,000 na 1,000 hubaki kwa kampuni. Ili mtu asipate wala asikose, lazima apatie karibu mara 53 katika 100. Mkeka ni mbaya zaidi. Mechi kumi za namna hiyo hulipa kama mara 613, ilhali nafasi ya kuzipatia zote, ikiwa kila moja ni nusu kwa nusu, ni moja katika 1,024. Kwa wastani, katika kila shilingi 100 za mikeka hiyo kampuni inabaki na 40. Mwanafunzi wa takwimu anaijua hesabu hii, ila haifanyi.

Tena handikapu imefungua mlango wa khiyana, kwa sababu mchezaji anaweza kupokea rushwa na timu yake ikashinda vilevile. Anapunguza pointi tu. Mwaka 1951 walikamatwa kwa hilo wachezaji wa City College ya New York, chuo kilichokuwa bingwa mwaka 1950. Mwaka 2006 mchumi Justin Wolfers alichapisha uchambuzi wa mechi zaidi ya 44,000, akaona timu zinazopewa handikapu kubwa hushinda, lakini mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa hazifiki pointi zinazotakiwa. Wataalamu wengine wamepinga kwamba hiyo ni dalili ya rushwa. Hata hivyo, mchambuzi wa Morogoro atajuaje anachambua mchezo au njama?

Ama hukumu, Suratul Maida aya ya 90 na 91 zimeharamisha maisir pamoja na ulevi, na zikataja uadui na kuzuiliwa na Sala. Haikubaguliwa kamari ya mjuzi na ya mjinga. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha nayo ni ruhusa ya sheria ya nchi, haigeuzi haramu kuwa halali.

Vijana husema biashara pia ni bahati. Mkulima wa Mgeta, juu milimani Uluguru, hupanda kabichi bila kujua bei ya sokoni mjini. Kweli, huenda akala khasara. Lakini kabichi ipo, mnunuzi ataila, na wote wawili wanaweza kuondoka na faida. Katika kubeti hakuna kilichouzwa. Fedha ya mmoja haiji ila kwa kupotea ya mwingine.

Kusoma takwimu za michezo si haramu kwa dhati yake. Kuwauzia wanaobeti ni kusaidiana katika dhambi, jambo lililokatazwa katika aya ya 2 ya Sura hiyo hiyo, na malipo yake si halali hata kama muuzaji habeti.

Kijana atubie na aufunge ukurasa wake. Akiba aliyoweka mwenyewe na haijachezwa ni mali yake, aitoe. Faida ya kubeti asiile. Awape mafakiri kwa nia ya kujitoa nayo, si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Waliomlipa kwa mikeka, anaowajua, asiwarejeshee wakabetie tena, bali fedha hiyo nayo iende kwa wahitaji. Akiwa alicheza fedha za mkopo wa masomo, deni liko palepale.

Na wewe mzee, usimkatie matumizi ghafla akaenda kukopa. Mwite, mkae na kalamu, mpige pamoja hesabu ya mkeka wa mechi kumi.

Wallaahu aalam.