Siku Weusi Walipopigiwa Kura

Mwaka 1920 W.E.B. Du Bois, msomi wa Kimarekani aliyejulikana zaidi kwa utafiti na insha kali, aliingiza hadithi fupi ya kubuni, "The Comet", katika kitabu chake Darkwater. Jim, tarishi mweusi wa benki ya New York, ametumwa kwenye ghala la chini kabisa, kazi ambayo wakubwa hawaitaki. Kazi hiyohiyo inamwokoa. Anapopanda juu, anakuta gesi ya nyota yenye mkia imeua watu jijini, na anayemkuta hai ni mwanamke mmoja tajiri wa Kizungu. Kwa saa chache wawili hao ni binadamu tu. Kisha wanafika watu wa nje ya jiji, wengi, na baadhi yao wanataka Jim anyongwe. Kwa Du Bois, usawa unadumu pale tu ambapo hakuna wengi.

Ubaguzi ulirudi katika hadithi ya kubuni mwaka 1953, kampuni ya katuni ya Marekani, EC, ilipochapa "Judgment Day". Mkaguzi kutoka Dunia anazuru sayari ya roboti, ambako wa rangi ya chungwa wamewabagua wa buluu hata ndani ya basi. Anapovua kofia mwishoni, tunaona ni mtu mweusi. Ilipotakiwa kurudiwa mwaka 1956, wakaguzi wa maadili ya katuni walidai uso huo ubadilishwe. Roboti waliobaguliwa hawakuwaudhi. Mweusi mwenye mamlaka ndiye aliyewaudhi. Mchapishaji, William Gaines, alikataa, akaichapa vilevile.

Lakini aliyeligusa jipu lenyewe, yaani nguvu ya wengi, kwa maoni yangu, ni Derrick Bell, mwanasheria aliyepigania kesi za ubaguzi shuleni kabla ya kufundisha Harvard. Katika "The Space Traders", iliyo katika kitabu chake cha mwaka 1992, wageni wa anga za mbali wanatua Marekani Januari 1, 2000. Wanatoa dhahabu ya kulipa madeni, kemikali za kusafisha mazingira na nishati salama. Bei yake ni raia weusi wote, hadi Januari 17. Hakuna anayevunja sheria: katiba inarekebishwa, wananchi wanapiga kura, asilimia 70 wanakubali. Utaratibu umefuatwa barabara, na hapo ndipo penye ubaya.

Mhusika wake, Golightly, profesa mweusi anayemshauri rais, anawashauri viongozi wenzake weusi wasilalamike. Wajifanye wanakwenda kwenye neema, ili wazungu wasitake kuachwa nyuma. Wanamkatalia. Ujanja huo ni nadharia ya Bell mwenyewe, aliyeandika mwaka 1980 kwamba hukumu ya mahakama katika kesi ya Brown ya mwaka 1954, iliyoharamisha shule za ubaguzi, ilipatikana kwa sababu iliwafaa wazungu pia. Golightly anajaribu kukimbilia Kanada na familia yake. Anarudishwa mpakani, ukaribu wake na rais haumsaidii kitu.