Matone ya vitamini A na uvumi wa kufunga uzazi

Ndugu vijana, kila kampeni ya vitamini A huku Buhinyuza, sisi wa kujitolea tunakuta wamama wanaficha watoto. Wanasema ile dawa nyekundu itawafunga uzazi. Kujibu tu "ni nzuri" haitoshi. Tujue historia yake.

Mwaka 1987, madaktari wa hospitali ya Mvumi, Dodoma, Tanzania, walitoa matokeo ya watoto 180 waliolazwa na surua. Watoto 92 walipata matibabu ya kawaida: 12 wakafa. Wengine 88 waliongezewa vitamini A: 6 wakafa. Waliosaidika zaidi ni wenye umri chini ya miaka miwili.

Lakini vitamini inaamrishaje mwili? Mwaka huohuo, kikundi cha Pierre Chambon huko Strasbourg, Ufaransa, na cha Ronald Evans huko California, Marekani, walitangaza protini inayoipokea. Inaitwa kipokezi, inakaa ndani ya kiini cha seli na kushika DNA.

Mwaka 1995, maabara ya Dino Moras, Strasbourg, iliifanya protini hiyo kuwa fuwele, ikapitisha miale ya eksirei, umbo likaonekana. Linafanya kazi kama mtego wa panya. Ndani kuna kishimo. Mwili ukishageuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, inaingia humo, na kipande cha mwisho cha protini kinafunga juu yake kama kifuniko. Hapo protini zingine zinapata pa kushika, na jeni zinaamka. Ndivyo seli zinavyotunza utando wa mapafu na matumbo, kulekule surua inakoshambulia.

Sasa lile swali la wamama. Binadamu tuna vipokezi vya ukoo huu 48. Sindano ya uzazi wa mpango nayo inafanya kazi kwenye ukoo huohuo, ila kwa kipokezi kingine, chenye kishimo cha umbo lingine. Vitamini A haienei humo. Kwa hiyo uoga wa wamama si ujinga: dawa za ukoo huo zipo kweli, lakini hii siyo.

Ila isizidishwe. Mama mwenye mimba asimeze ya mtoto, inaweza kumdhuru aliye tumboni. Mawese na lengalenga za kawaida tuendelee kula.

Kampeni ikirudi, tusiwacheke wamama. Tukae nao, tuwaonyeshe kishimo na kifuniko kwa mikono yetu miwili.