Pikipiki nyuma ya gari: inafungwaje mpaka ifike Msangano salama?



Kila mavuno yakikaribia kuisha, swali ni lile lile. Mtu kauza mpunga au ufuta, kapanda Tunduma, kanunua pikipiki. Sasa ataifikishaje Msangano? Mwingine hana leseni bado. Mwingine pikipiki yake imekufa injini na fundi yuko mjini. Na masika yakianza, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, hata mwenye leseni anaogopa matope. Kwa hiyo pikipiki inapanda gari, na mara nyingi inapanda NYUMA ya gari, nje, imefungwa kwa mipira ya tyubu.

Mimi nimekulia Msangano na nimepakia na kushusha pikipiki nyingi kuliko nilivyoziendesha. Humu naandika kila ninachokijua, ili ukitaka kusafirisha ya kwako usome hapa kwanza kabla hujabishana na konda.

KWANZA TUELEWANE KUHUSU UZITO

Pikipiki za kazi tunazozijua, za cc 100 mpaka 150, nyingi zina kilo 110 mpaka 130 hivi. Mtu anasema, aah, hiyo si sawa na abiria wawili tu? Hapana. Abiria wawili wanakaa katikati ya matairi. Pikipiki ya nyuma inaning'inia nje ya matairi. Hapo ndipo mchezo wote ulipo.

Fikiria baiskeli. Ukiweka gunia la mpunga kwenye keria halafu upande mlima, tairi la mbele linataka kunyanyuka. Gunia halijaongezeka hata punje. Limekaa nyuma tu. Gari nalo ni hivyo hivyo.

Tupige hesabu. Pikipiki kilo 120, chuma cha keria kilo 30, jumla 150. Tuseme kutoka ekseli ya nyuma mpaka pale pikipiki ilipo ni mita 1.5, na kutoka ekseli ya nyuma mpaka ya mbele ni mita 3. Chukua 150 zidisha kwa 1.5, gawa kwa 3. Unapata 75. Maana yake matairi ya mbele YAMEPUNGUZIWA kilo 75, na zile 75 zimehamia nyuma. Ekseli ya nyuma sasa imebeba 150 jumlisha 75, yaani 225. Umepakia 150, nyuma wanasikia 225! Ongeza gunia moja juu yake na konda anayening'inia kwenye ngazi, jaza mwenyewe.

Madhara yake ni haya:

- Usukani unakuwa mwepesi. Unakata kona, gari linachelewa kukusikia.
- Breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, na sasa tairi la mbele halijakandamiza ardhi vizuri. Gari linachelewa kusimama.
- Taa za mbele zinaangalia juu. Usiku unampofusha anayekuja, na wewe barabara huioni.
- Kama gari linavuta kwa matairi ya mbele, kwenye matope linazunguka tu pale pale. Noah zile za zamani, za kabla ya 2001, zinasukuma kwa nyuma. Zile tunazoita new model zinavuta kwa mbele. Mwenye new model mwenye pikipiki nyuma, masika, mlimani... ndugu yangu, bora ulale Tunduma.

Na kumbuka safari yetu ikoje. Tunduma iko juu kwenye baridi, Msangano iko chini bondeni kwenye joto, bonde linaloshuka kuelekea Ziwa Rukwa. Kwa hiyo kwenda ni kushuka, na kushuka ni breki na usukani. Ni vile vile viwili ambavyo pikipiki ya nyuma imevipunguza.

WENZETU WA MAGARI-NYUMBA

Si sisi peke yetu. Mmewaona watalii wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, au wanaopanda kutoka huko kusini, wanapita Tunduma na magari yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani. Wapo wanaobeba pikipiki nyuma. Sababu yao ni ya maana: gari lile ni kubwa, likishaegeshwa hawataki kuliamsha kwa ajili ya nyanya na mkate tu. Pikipiki inaenda sokoni.

Lakini wenzetu keria zao huwa zimeandikwa mwisho wa kilo zinazobeba, na zinafungwa kwenye chesisi kwa bolti. Hata hivyo tatizo lao ni hili hili letu. Ulaya, leseni ya kawaida ya gari, daraja B, kwa miaka mingi mwisho wake ulikuwa gari la tani 3.5 pamoja na mzigo. Gari-nyumba likishajaa maji, watu na vyombo, linakuwa limeshakaribia hapo. Pikipiki ndiyo inayolivusha. Na magari-nyumba mengi ya kule yamejengwa juu ya Fiat Ducato, ambayo inavuta kwa matairi ya mbele. Ndiyo maana wengine wanaacha keria na kununua gari lenye chumba cha pikipiki kwa nyuma, au wanavuta tela.

CHAGUA GARI KABLA YA KAMBA

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, nenda kwa mpangilio huu:

1. Gari lenye bodi la wazi: Kirikuu, Canter, Fuso. Pikipiki isimame wima, tairi la mbele liguse ukuta wa bodi upande wa dereva. Uzito unakaa mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake, na hesabu yetu ya juu inakufa yenyewe.

2. Tela. Nzuri, ila pikipiki ikae juu ya ekseli ya tela au mbele yake kidogo. Ukiisogeza nyuma, tela litaanza kucheza kama mkia wa mjusi, na gari la mbele linafuata huo mchezo.

3. Keria ya nyuma. Inawezekana, kwa masharti nitakayotaja.

4. Ndani ya gari la abiria, imelazwa chini ya viti. Hii HAPANA. Pikipiki ikilala, petroli inatoka kwenye tenki na kabureta, oili ya injini inaingia kusikotakiwa, na betri za zamani zinamwaga asidi. Mvuke wa petroli ndani ya gari lililofungwa vioo, na kuna mtu anawasha sigara. Sihitaji kuendelea.

KAMA NI KERIA, ANGALIA HAYA

Keria ishikiliwe na chesisi, siyo bampa. Bampa imewekwa kwa ajili ya kugongwa, siyo kubeba. Uliza imefungwa kwa bolti au imechomelewa. Kama imechomelewa, piga jicho kwenye maungio: ukiona mstari mwembamba wa kutu unaopita katikati ya weldi, hapo pameshaanza kupasuka. Gari likidumbukia shimoni, kwa ile sekunde moja keria inabeba zaidi ya uzito wa pikipiki. Shimo moja halivunji kitu. Mia moja yanavunja.

Tairi za pikipiki zikae ndani ya mfereji wa chuma, zisikae juu ya bomba mbili tupu. Na matairi ya nyuma ya gari yaongezwe upepo, ila usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye gari lenyewe.

KUFUNGA, HATUA KWA HATUA

1. Funga koki ya mafuta. Bakiza petroli kidogo tu ya kutosha kufika kituoni.

2. Panda na watu watatu: mmoja ameshika usukani na breki ya mbele, wawili wanasukuma. Ubao wa kupandia usiwe na matope.

3. Weka gia ya kwanza. Usiiegemeze kwenye stendi ya pembeni. Stendi ile inabonyea au inavunjika gari likiruka, na ikivunjika kamba zote zinalegea kwa mpigo. Pikipiki isimame kwa kamba.

4. Mikanda miwili ya mbele, kulia na kushoto. Isishike kwenye vioo wala mwisho wa usukani. Ishike kwenye kile chuma kinachounganisha shokapu za mbele. Ivute kwenda chini na kwenda nje, kama miguu ya hema.

5. Kaza mpaka shokapu za mbele zizame karibu nusu. Hii ndiyo siri. Shokapu iliyozama nusu inasukuma mkanda kwenda juu muda wote, kwa hiyo hata gari likirukaruka mkanda haulegei. Usizizamishe zote, utapasua sili na oili itavuja.

6. Mikanda miwili ya nyuma, ishike kwenye fremu. Hii inazuia mkia usicheze.

7. Funga tairi la mbele na la nyuma kwenye mfereji kwa kamba fupi. Weka kitambaa kila mahali mkanda unapogusa chuma chenye ncha au eksozi.

Sasa suala la MPIRA WA TYUBU. Najua ndio tulionao. Lakini mpira kazi yake ni kuvutika. Gari likifunga breki, pikipiki inaondoka, mpira unaifuata, halafu unairudisha kwa nguvu. Ikienda na kurudi hivyo kilomita themanini, fundo linafunguka lenyewe. Jua nalo linaukausha, unapasuka bila taarifa. Tumia mpira kushikilia turubai. Pikipiki ifungwe kwa mikanda ile yenye chombo cha kukazia. Ikikosekana, tumia kamba nene ya katani isiyovutika.

Mikanda iwe na nguvu kiasi gani? Kanuni ya Ulaya ya kufunga mizigo, EN 12195-1, inataka kwa magari ya barabarani ufungaji uzuie 0.8 ya uzito wa mzigo kwenda mbele, na 0.5 kwenda pembeni na nyuma. Kwa pikipiki ya kilo 120 hiyo ni kilo 96 mbele na 60 pembeni. Jaribu hivi: shika pikipiki iliyofungwa, iyumbishe kwa nguvu zako zote. Pikipiki ikiyumba na gari zima liyumbe nayo, sawa. Ikiyumba peke yake, fungua uanze upya.

Ukishaondoka, simama baada ya kilomita 10 hivi ukaze tena, maana mikanda lazima ijikae. Halafu kila gari linaposimama kushusha abiria, shuka uiguse. Usimwachie utingo, pikipiki siyo yake.

TAA, NAMBA NA MIZANI

Pikipiki ya nyuma inaziba taa za breki, indiketa na namba ya gari. Anayekuja nyuma usiku haoni gari, anakutana na usukani wa pikipiki kifuani. Taa zikizibwa, zihamishwe ziwe nje ya pikipiki, na uweke rifleksa nyekundu pande zote mbili. Usukani ukizidi upana wa gari, ulegeze uukunje. Mzigo wa hatari ni kosa barabarani na trafiki ana haki ya kukushusha.

Beba kadi ya pikipiki au nakala yake. Kama ni mpya haina namba, beba risiti ya dukani yenye namba ya chesisi. Tunduma ni mpakani, pikipiki isiyo na karatasi inaulizwa maswali mengi.

Kwa basi na lori kuna jambo la ziada. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inahusu magari yanayozidi kilo 3,500, na ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne mwisho wake ni tani 10. Pale mizani ya Mpemba wanapima ekseli kwa ekseli. Basi lenye mkia mrefu likining'iniza pikipiki nyuma, ile hesabu ya juu inalifuata mpaka kwenye mizani.

KWA NINI NIMEANDIKA KIREFU HIVI

Kwa sababu vijana wengi wa kwetu hizi pikipiki ni za mkataba. Unapewa, unapeleka hesabu kila siku, mwisho inakuwa yako. Kuna ndugu yangu ililetwa ya kwake nyuma ya Hiace, imefungwa mipira. Ilifika na shokapu zimepinda na tenki limebonyea. Mwenye gari akasema mzigo ni juu ya mwenye mzigo. Mwenye pikipiki akasema hesabu inaanza Jumatatu kama tulivyoandikiana. Dogo alilima vibarua miezi minne kulipia chombo ambacho hajakipanda hata mara moja.

Na hiyo ilidondokea kwenye gari lenyewe. Ingedondoka barabarani usiku, mbele ya bodaboda mwingine aliyebeba mama na mtoto, tungekuwa tunaongea mengine.

Kwa hiyo kubalianeni KABLA ya kupakia, mbele ya mtu wa tatu, na ikiwezekana kwenye karatasi: nani anafunga, nani analipa ikiharibika. Piga picha pikipiki ikiwa nzima na piga picha ikiwa imeshafungwa. Simu unayo. Kama dereva anakataa usiifunge mwenyewe na anakataa kubeba lawama, tafuta Kirikuu, changieni wawili watatu wenye pikipiki. Nauli itapanda kidogo, lakini shokapu mbili mpya nazo siyo bure.

Mwenye la kuongeza, hasa mafundi wa kuchomelea na madereva wa ile njia, uwanja ni wenu hapo chini. Naomba kuwasilisha.