Duara la Jahazi na Winchi ya Gari: Historia ya Kujinasua katika Pwani ya Kismayo

Vitabu vinavyosimulia vita vya kuwania Kismayo hutaja majenerali, mizinga na tarehe. Tope hutajwa kwa sentensi moja, kisha msomaji anapelekwa kwenye mapigano. Insha hii inabaki kwenye tope, na kwenye chombo kinachofungwa mbele ya gari ili litoke humo, yaani winchi. Nitajaribu kuonyesha kwamba maarifa ya kuitumia yalikuwepo pwani ile kabla ya gari la kwanza kufika.

Kutoka Kismayo kuelekea kusini hadi Ras Kiamboni, visiwa vya Wabajuni vimejipanga sambamba na bara: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Kati ya visiwa na bara maji si mengi, na mafungu ya mchanga yamejaa. Ukishuka bara, unavuka kwanza vilima vya mchanga vya ufuoni. Huko mbele, upande wa Afmadow, kuna udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka na mvua ikinyesha huwa kama uji mzito. Kwa hiyo chombo hupwelewa na gari hukwama, na kila msafiri wa huko amewahi kupatwa na moja ya hayo mawili. Hata wageni wenye injini hawakusalimika: mwaka 1865 Karl Klaus von der Decken, Mjerumani, alipoteza mashua yake ndogo ya mvuke mlangoni mwa mto Juba, na meli yake kubwa, Welf, ikagonga mwamba karibu na Bardera.

Nahodha aliyepwelewa ana njia mbili. Ya kwanza ni kungoja maji yajae. Ya pili, ikiwa bamvua imeshapita na maji ya kesho yatakuwa madogo kuliko ya leo, ni kupakia nanga kwenye mtumbwi, kuipeleka mbali kwenye kina, kuitupa huko, kisha mabaharia waliobaki chomboni wavute amari. Nanga haisogei, kwa hiyo kinachosogea ni chombo. Katika majahazi makubwa kamba ilizungushwa kwenye duara, watu wakalisukuma kwa miti. Lazima niseme kwamba mashua nyingi za Kibajuni hazikuwa na duara. Zilivutwa kwa mikono na kwa roda, na kwa wimbo wa kuwafanya watu wavute pamoja. Duara lilikuwa anasa ya chombo kikubwa, lakini kanuni yake kila mvuvi aliijua.

Sasa tazama winchi. Ina pipa la kuzungushia kamba ya waya, mota inayotumia umeme wa betri ya gari, na giya zinazobadilisha mwendo wa haraka wa mota kuwa nguvu nyingi za polepole. Kuifunga si kazi ya bampa. Lazima sahani yake ishikwe kwa bolti kwenye chesisi, kwa sababu nguvu yote ya kuvuta hupita hapo. Bampa itang'oka na gari litabaki lilipo. Kanuni ya mafundi ni kwamba uwezo wa winchi uwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari pamoja na mzigo, hivyo Land Cruiser ya tani 3 inahitaji winchi ya tani 4.5 hivi. Pipa huvuta kwa nguvu zaidi kamba inapobaki tabaka moja tu juu yake, kwa hiyo mwenye ujuzi hutafuta kishikio cha mbali badala ya kile cha karibu. Na kamba ikipitishwa kwenye roda na kurudishwa kwenye gari, nguvu huongezeka karibu mara mbili huku mwendo ukipungua kwa nusu.

Je, pakiwa hakuna mti wa kufungia? Dereva huzika tairi la akiba ardhini na kulifunga kamba. Hiyo ni nanga. Nilipomweleza babu yangu mzaa mama, aliyekuwa baharia kabla ya kukimbilia Mombasa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alicheka: "Hilo ni duara, mjukuu wangu. Wamelitia betri tu." Hakukosea hata kihistoria. Land Rover za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, zingeweza kufungwa mbele pipa la kusimama lililozungushwa na injini, na mtu akishika ncha ya kamba kwa mkono, vilevile kama melini.

Majeshi yalilijua tatizo, ingawa si kila mara yalilitatua kwa chuma. Mwaka 1941 Jenerali Alan Cunningham alikuwa amepanga kwanza kuishambulia Kismayo baada ya masika. Aliposogeza mpango mbele hadi Februari, katikati ya kaskazi, alipata ardhi kavu. Waitaliano waliuacha mji, na ukatwaliwa tarehe 14 Februari. Tarehe 25 Mogadishu nayo ikaanguka. Ushindi ule umeelezwa mno kwa udhaifu wa Waitaliano. Naona kalenda inastahili sehemu kubwa zaidi ya inayopewa, maana malori yale yale mwezi Mei yangekaa njiani.

Ulinganisho upo. Jeshi la Kenya lilivuka mpaka katikati ya Oktoba 2011, vuli ilipokuwa inaanza. Magari yalizama kwenye udongo mweusi kwenye njia ya Afmadow, na mji huo haukutwaliwa hadi mwisho wa Mei 2012. Winchi zilikuwepo, lakini haisaidii sana kuwa nazo pale ambapo gari la kuvuta limezama kama linalovutwa, na uwanda hauna mti. Jeshi lenye magari ya kisasa kuliko yote ya Cunningham lilitumia zaidi ya miezi 7 kufika mahali ambapo yeye alifika mapema katika mashambulizi yake.

Kismayo yenyewe ilishambuliwa tarehe 28 Septemba 2012, na safari hii askari waliteremshwa ufuoni usiku kutoka baharini. Nilimsomea babu habari hiyo. Aliuliza kitu kimoja tu: maji yalikuwa yakijaa au yakitoka?