Historia ya Spea za Vincent

Mwaka 1928 Philip Vincent, kijana aliyekuwa akisoma Cambridge, alinunua jina la HRD kwa fedha za baba yake, mfugaji wa ng'ombe huko Argentina. Herufi hizo zilikuwa za Howard R. Davies, bingwa wa mbio za Isle of Man ambaye biashara ya pikipiki ilikuwa imemshinda. Vincent akafungua kiwanda Stevenage, kaskazini ya London. Fremu alijiundia, injini alinunua kwa wengine, hasa JAP. Mwaka 1934 akapeleka pikipiki Isle of Man, na injini za kununua zikamwangusha: hakuna hata moja iliyomaliza mbio. Akarudi nyumbani na Phil Irving, mhandisi kutoka Australia, wakachora injini yao. Mwaka 1936 ikatoka Rapide, silinda mbili, sentimita za ujazo 998, mabomba ya mafuta yakiwa yamezagaa nje hata ikaitwa jinamizi la fundi bomba.

Sifa za Black Shadow, pikipiki nyingine ya Vincent, wengi wanazijua, na ile picha ya mwendeshaji Rollie Free mwaka 1948, amelala kifudifudi juu yake na kaptura ya kuogelea, akikaribia kilomita 242 kwa saa huko Bonneville. Tuziache. Desemba 1955 ikaundwa Vincent ya mwisho.

Hapo ndipo kazi ya spea ilipoanza hasa. Stoo na michoro vikapita mikononi mwa kampuni ya Harper, na mwaka 1975 wanachama wa klabu ya wenye Vincent, iliyokuwapo tangu 1948, wakaanzisha kampuni yao ya vipuri. Yaani wateja wakawa ndio wenye duka.

Ugumu wake uko kwenye vitu vidogo. Nati ya siku hizi ya milimita haikubali bolti ya Vincent; nyingi zina hesi 26 kwa inchi, za zama za baiskeli za Kiingereza. Ukilazimisha, umeua hesi. Gia zinazoendesha kamshafti nazo zina ujeuri wake: zikibana, zinalia; zikilegea, zinagonga. Kwa hiyo pinioni, ile gia ndogo, hutengenezwa kwa vipimo vinavyopishana kidogo mno, fundi akajaribu moja baada ya nyingine mpaka apate inayonyamaza. Mkerezaji asiye na mchoro, mwenye kipande kilicholika tu mkononi, atanakili na ulikaji wake.

Wapo wanaonung'unika kwamba spea mpya zinaharibu uasili. Lakini dainamo ya asili, ya Miller ya volti 6, ilikuwa dhaifu tangu ikiwa mpya. Sasa zinauzwa altaneta za volti 12 zinazokaa mahali pale pale. Mimi nasema Vincent yenye altaneta, inayorudi nyumbani usiku taa zikiwaka, ni Vincent zaidi kuliko ile iliyofungiwa kwenye kioo na dainamo yake ya asili.