Nafasi ya Bweni na Mwalimu Agathe Uwilingiyimana

Matokeo ya mtihani wa taifa wa darasa la sita yanapotangazwa, mzazi wa Kigali huuliza swali moja kabla ya mengine yote: mtoto amepangiwa shule gani? Wewe unayesoma makala haya huenda uliwahi kulingoja jibu hilo, au una mdogo wako anayelingoja sasa. Shule za bweni zenye sifa ni chache na vitanda vyake vinahesabika. Kiswahili kina neno moja, nafasi, kwa kitanda kilicho wazi na kwa uwezekano wa kukipata. Hebu tutazame ni nini kilichoiamua nafasi hiyo nchini Rwanda kabla hujazaliwa.

Tuanzie Astrida, mji tunaouita Huye siku hizi. Huko watawa kutoka Ubelgiji waliendesha Groupe Scolaire, shule iliyoandaa makarani, wasaidizi wa tiba na machifu wa utawala wa kikoloni. Takwimu za shule hiyo za mwaka 1932 zinaonyesha wanafunzi 45 wa Kitutsi na 9 wa Kihutu. Hesabu hiyo haikuzaliwa na mtihani. Mkoloni alikwisha kuamua nani kaumbwa kutawala na nani kaumbwa kutawaliwa, na katika miaka hiyohiyo akaanza kuliandika kabila la mtu katika kitambulisho chake.

Baada ya uhuru wa 1962 mizani iligeuzwa upande wa pili, haikutupwa. Mapema mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa katika shule na chuo kikuu. Julai mwaka huo Juvénal Habyarimana akatwaa madaraka, na utawala wake ukaisimika siasa iliyoitwa iringaniza kwa Kinyarwanda. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa. Watutsi walitengewa takriban asilimia 9. Kaskazini, alikotoka rais, kulipendelewa, hata mtoto wa Kihutu wa kusini naye aliweza kuachwa nje ya lango.

Jaribu kukadiria nafasi ya mtoto wa siku hizo. Ungelazimika kujua kwanza kitambulisho cha baba yake kimeandikwa nini, kisha wilaya ya asili yake, kisha kama nyumbani kwao kuna anayefahamiana na mkubwa yeyote. Alama zake zingekuja baadaye. Watu wazima wengi wanakumbuka jinsi mwalimu alivyowaamuru wasimame darasani, kabila moja baada ya jingine, ili awahesabu. Wapo waliojua siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kwamba wao ni watu wa kuhesabiwa kando.

Kwa kuwa unajifunza lugha, zingatia hapa maneno mawili. Siasa ile iliitwa uwiano, na walioitetea waliizungumza kana kwamba ni usawa. Uwiano ni kulinganisha mafungu. Usawa ni kumtendea kila mmoja kwa kipimo kilekile. Mtoto aliyefaulu akakosa kitanda kwa sababu fungu lake limejaa alikuwa ndani ya uwiano na nje ya usawa.

Aprili 1992, shinikizo la vyama vingi lilipozaa serikali ya mseto, wizara ya elimu ya msingi na sekondari ilikabidhiwa Agathe Uwilingiyimana. Alizaliwa mwaka 1953 kusini, upande wa Butare. Alisoma Notre-Dame de Cîteaux hapa Kigali, akawa mwalimu, kisha akasomea kemia katika chuo kikuu cha taifa. Alikuwa Mhutu. Aliufuta mgao wa kikabila na kuagiza nafasi za shule zitolewe kwa alama. Agizo hilo, ambalo leo lingeonekana kuwa kazi ya kawaida ya ofisi, lilimletea maadui wakali. Mwaka huohuo watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake wakampiga. Hakulirudisha agizo nyuma. Nami naona hapo ndipo ulipo ukubwa wake, kuliko hata Julai 1993 alipokuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Rwanda.

Tarehe 7 Aprili 1994, asubuhi ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari walimuua hapa Kigali. Wanajeshi kumi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa, waliotumwa kumlinda, waliuawa pia.

Sidai kwamba alama zimeimaliza dhuluma. Mtoto aliyesoma chini ya taa ya umeme na aliyesoma kwa koroboi wanapimwa kwa rula moja, na shule za kutwa zilizoenezwa tangu mwaka 2009 kwa mpango wa elimu ya msingi ya miaka tisa hazijaifuta tofauti hiyo. Hilo tuendelee kubishana. Hata hivyo, mdogo wako anapokuuliza kama atapata bweni, unaweza kumjibu kwa kutazama alama zake, shule alizochagua na idadi ya vitanda. Notre-Dame de Cîteaux bado ipo. Akiiandika katika chaguo lake la kwanza, hakuna atakayemwamuru asimame ataje kabila lake.